Aliyetengeneza kalibu ndiye aliyeokoa ndege

Wakitajwa watu waliookoa ndege za kivita za zamani, majina yanayotangulia huwa ni ya marubani wa maonyesho na ya matajiri waliolipa gharama. Ray Hanna na Spitfire yake, ndege ya kivita ya Uingereza yenye namba MH434, Stephen Grey na mkusanyiko wake pale Duxford, Uingereza. Heshima hiyo wanaistahili. Ila ndege haifiki mikononi mwa rubani mpaka mtu fulani, ambaye picha yake haipigwi, awe ametengeneza kalibu au kifaa kingine cha kutengenezea kipuri ambacho kiwanda kiliacha kukitoa tangu 1945. Kwangu mimi huyo ndiye aliyeacha alama kubwa kuliko wote, na wa kwanza kutajwa anapaswa kuwa Glyn Powell wa New Zealand, aliyetengeneza kalibu za ndege ya Mosquito.

Mosquito ya kiwanda cha de Havilland, ndege ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, ni ndege ya mbao. Ziliundwa 7,781, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 hakuna hata moja iliyokuwa ikiruka. Ile ya mwisho, RR299, ilianguka Barton karibu na Manchester tarehe 21 Julai 1996, na wawili waliokuwamo wakafa. Nyingine zilikuwa kwenye makumbusho au zinaoza mashambani. Ndege ya alumini ikikaa nje miaka 40, fundi bado atapata vipande vya kupimia na kunakili. Mosquito ikikaa nje hivyo hivyo, gundi inaachia, plaiwudi inafumuka, maji yanaingia kwenye balsa, mbao nyepesi sana ya katikati, na kinachobaki ni vyuma: viungio vya injini, miguu ya magurudumu, bawaba. Mbao zake unaweza kuzivunja kwa mkono.

Gundi yenyewe ina historia. Zile za mwanzo zilitumia kasini, gundi itokanayo na maziwa, ambayo ukungu huila na unyevu huilainisha. Baadaye wakahamia gundi ya urea na fomaldehaidi, inayostahimili zaidi. Lakini hata gundi nzuri haisaidii kama mbao mbili hazikukutana sawasawa, maana tabaka nene la gundi ni dhaifu na hukatika likitikiswa. Ndiyo maana fundi makini wa leo hakubali kurithi kiungo cha gundi cha 1944, hata kikionekana kizima. Hana njia ya kukiona kwa ndani.

Kwa hiyo ukitaka Mosquito irushwe tena, ni lazima uunde kiwiliwili kipya, na hapo ndipo wote walipokuwa wakikwama. Kiwiliwili kile kiliundwa kwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, kama ganda la karanga lililopasuliwa kwa urefu. Kila nusu ililazwa juu ya kalibu yake, yaani umbo la kuipa mkunjo, iwe ya mbao ngumu au ya zege. Kwanza hulazwa ngozi ya ndani ya plaiwudi ya mti wa birchi, huku mbao za kuimarisha zikiwa zimeshakaa kwenye mifereji iliyochongwa kwenye kalibu. Juu yake huja balsa ya unene wa kama milimita 11, halafu ngozi ya nje ya plaiwudi. Kila tabaka hubanwa kwa mikanda ya chuma mpaka gundi ishike. Nusu zikiwa bado wazi, mafundi hufunga nyaya, mabomba na vishikizo vyote wanavyovifikia kwa urahisi. Baada ya hapo ndipo zinaunganishwa.

Bila kalibu hakuna mkunjo, na mkunjo usipokuwa sahihi kwa milimita chache tu, viungio vya bawa havikutani na bawa. Bawa lenyewe ni kipande kimoja kutoka ncha hadi ncha, zaidi ya mita 16, kwa hiyo huwezi kulivuta upande mmoja ili kuficha kosa la upande wa pili. Kalibu za zamani zilikwisha kutupwa. Powell alichukua miaka mingi kuzichonga upya kwa kufuata michoro na kupima mabaki. Kiwiliwili kilichotoka kwenye kalibu hizo ndicho walichokifanyia kazi mafundi wa Avspecs pale Ardmore, karibu na Auckland, walipoijenga upya KA114, Mosquito iliyoundwa Kanada na iliyokuwa imegeuka mabaki. Iliruka tarehe 27 Septemba 2012. Aliyelipia ni Jerry Yagen wa Virginia, Marekani, na bila fedha zake isingekamilika. Lakini fedha zilikuwepo duniani miaka yote ile 16, kalibu ndizo hazikuwepo. Zilipopatikana, Mosquito nyingine zikafuata, PZ474 ikiwemo, mwaka 2019.

Upande wa chuma, mtu wa aina hiyo ni Guy Black wa kusini mwa Uingereza. Ndege za Hawker za miaka ya 1930, kama Fury, Nimrod, Hind na Demon, zina boriti za bawa zisizofanana na za kiwanda kingine. Utepe mwembamba wa chuma kigumu ulipitishwa kwenye roli nyingi mfululizo ukawa mrija wenye pande kadhaa, kisha mirija miwili, ya juu na ya chini, ikaunganishwa kwa bamba la kati. Boriti inakuwa nyepesi na ngumu sana, lakini huwezi kuikunja kwa nyundo na vaisi. Unahitaji seti nzima ya roli, kila moja ikiongeza mkunjo kidogo, na chuma cha daraja lile lile. Ukikunja haraka kupita kiasi chuma kinapasuka kwenye kona. Ukitumia chuma laini kitakunjika vizuri, kisha boriti haitabeba mzigo. Black na wenzake walilifanyia kazi tatizo hilo mpaka likaisha, na ndiyo sababu leo kuna Nimrod na Fury zinazoruka. Hurricane, ndege nyingine ya Hawker, nayo ilikuwa na mkwamo wa jamaa hiyo: sehemu ya kati ya bawa hutumia mirija ya pande 12, mmoja ukiwa ndani ya mwingine. Tony Ditheridge na karakana yake ya Hawker Restorations huko Suffolk ndio waliozirudisha Hurricane angani moja baada ya nyingine.

Black huyo huyo ndiye aliyezitoa India ndege mbili za DH9 za Vita Kuu ya Kwanza, zilizokuwa kwenye banda la tembo la jumba la kifalme huko Bikaner, mchwa wakiwa wameshakula mbao zake. Moja iko makumbusho ya Duxford. Ya pili, E8894, iliruka mwaka 2019.

Spitfire ina hadithi tofauti, na watu wengi huisoma vibaya. Husema zimerudi nyingi kwa sababu zinapendwa. Mosquito nayo ilipendwa. Spitfire zilirudi kwa sababu kuna karakana, kama Airframe Assemblies ya Sandown kwenye kisiwa cha Wight, zilizoamua kutengeneza mbavu, fremu na ngozi za bawa kama kazi ya kila siku. Hapo anayeanza na mabaki yaliyotolewa ardhini halazimiki kuvumbua kila kitu upya.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Boriti ya Spitfire imeundwa kwa mirija mitano ya mraba inayoingiana, ya ndani ikiwa mifupi zaidi, ili shina la bawa liwe nene na ncha iwe nyepesi. Ulikaji huanzia kati ya mirija, mahali jicho halifiki. Boriti inaweza kung'aa kwa nje huku ndani imejaa unga wa kijivu. Halafu kuna ribiti, yaani pini za kugongwa zinazounganisha mabamba. Ribiti za durali, aina ya alumini ngumu, huchomwa kwenye joto la takriban nyuzi 495 za Selsiasi na kuzimwa kwenye maji. Baada ya hapo fundi ana kama saa mbili za kuzigonga zikiwa laini, la sivyo aziweke kwenye friza ili zichelewe kukomaa. Akichelewa, kichwa cha ribiti hupasuka pembeni, ufa mdogo wa kutafutwa kwa kioo cha kukuzia. Inabidi itobolewe na kutolewa, na kila ribiti unayoitoa inapanua tundu kidogo. Bawa moja lina maelfu yake. Fundi asiye na subira atakuachia bawa lenye matundu yaliyolegea, na kasoro hiyo hakuna rangi itakayoiponya.

Kundi jingine linalodharauliwa ni la waliokataa tu kuona ndege zikikatwa vyuma chakavu. Ed Maloney alifungua makumbusho yake Claremont, California, mwaka 1957, wakati serikali ilikuwa bado inaziyeyusha. Leo makumbusho hayo yako Chino, na yana Zero ya Kijapani inayoruka kwa injini yake ya asili ya Sakae. Walter Soplata wa Newbury, Ohio, alikuwa seremala. Alinunua ndege kwa bei ya chuma chakavu, akazivuta hadi kwake zikiwa vipande, zikakaa nje miti ikiota katikati yake. Wapo waliomlaumu kwa kuziacha zioze. Mimi naona lawama hiyo si ya haki, kwa sababu mbadala wake ulikuwa tanuru. Kwenye uwanja wake ndiko Tom Reilly alikoipata XP-82, ile Mustang, ndege ya kivita ya Marekani, ya viwiliwili viwili. Rafadha zake huzunguka moja kinyume cha nyingine, kwa hiyo ilihitajika injini ya Merlin inayozunguka upande wa kushoto, kitu adimu mno. Iliruka Georgia siku ya mwisho ya mwaka 2018, miaka minane baada ya Soplata kufariki.

Na lazima nimtaje Graham Warner, pamoja na John Romain, kwa sababu ya Blenheim, ndege ya mabomu ya Uingereza. Ya kwanza ilichukua miaka 12 kukamilika kutokana na mabaki ya Bolingbroke, toleo la Kanada, ambazo wakulima wa huko walizinunua baada ya vita ili wapate skrubu, nyaya na mafuta yaliyobakia. Iliruka Mei 1987, na mwezi mmoja baadaye ikaanguka Denham, Uingereza. Wote watatu walitoka hai. Injini za Mercury za ndege hii hazipendi kufunguliwa mafuta kwa ghafla: mchanganyiko unazidi mafuta, injini inasita, na ukiwa karibu na ardhi kusita kwa sekunde mbili kunatosha kukuua. Wenzo wa mafuta husukumwa polepole, basi. Walijenga ya pili, ikaruka 1993, ikaharibika 2003. Wakaijenga tena kwa pua ya Blenheim ya toleo la kwanza (Mk I), namba L6739, pua ambayo fundi mmoja wa umeme wa Bristol alikuwa ameigeuza gari la umeme juu ya chesisi ya Austin Seven. Iliruka Novemba 2014. Ukihesabu kutoka mwanzo, ni maisha ya kazi ya mtu mzima juu ya aina moja ya ndege.

Kinyume cha subira hiyo ni Kee Bird. Hii ilikuwa B-29, ndege kubwa ya mabomu ya Marekani, iliyotua kwa dharura juu ya barafu ya Greenland mwaka 1947. Darryl Greenamyer na timu yake walikwenda huko 1994 na 1995, wakafunga injini na rafadha mpya kwenye baridi kali. Fundi wao mkuu, Rick Kriege, aliugua kazini na baadaye akafariki. Tarehe 21 Mei 1995 ndege ilikuwa inatembea kwa nguvu zake kujiandaa kuruka, ndipo mafuta yakavuja kutoka kwenye tangi la jenereta ndogo ya mkiani. Moto ukaanza. B-29 iliyokaa miaka 48 bila kuharibika ikateketea kwa sababu ya tangi dogo lililofungwa kwa muda tu. Ushujaa wao siupingi. Ila kwenye kazi hii kitu kilichofungwa kwa muda huwa ndicho kinachoua ndege, na mtu wa kusema "tusiwashe leo" ana thamani kuliko anayejua kuwasha.

Wengine huuliza: ndege yenye boriti mpya, ngozi mpya na ribiti mpya bado ni ile ile? Kwa ndege ya kuruka sioni tatizo, mradi vipande vya zamani vihifadhiwe vikiwa na lebo na kila kilichobadilishwa kiandikwe. Ndege zilikuwa zikibadilishwa mabawa hata vitani. Lakini si kila ndege iguswe. Halifax W1048, ndege ya mabomu ya Uingereza iliyotolewa ziwani Norwei mwaka 1973, imeachwa kama ilivyotolewa kwenye makumbusho ya jeshi la anga huko Hendon, London, na uamuzi huo naukubali kabisa. Fundi anayetaka kujua rangi au namna ya kufunga waya ilivyokuwa atapata jibu pale, asilipate kwenye ndege iliyong'arishwa.

Zimebaki Lancaster, ndege za mabomu za Uingereza, mbili tu zinazoweza kuruka, moja Kanada na moja Uingereza. Ile ya Uingereza, PA474, iliundwa 1945 na kuikosa vita. Baadaye ilipewa kikosi cha 82, ikawa inapiga picha za anga za kuchorea ramani Afrika Mashariki na Kusini, kwa hiyo kivuli chake kimewahi kupita juu ya ardhi yetu. Tangu 1973 iko kwenye kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la anga la Uingereza, kilichopo sasa Coningsby, na majira ya baridi ya 1995 hadi 1996 boriti yake kuu ilibadilishwa. Kilomita chache kutoka hapo, East Kirkby, kuna NX611, iliyonunuliwa 1983 na Fred na Harold Panton, wakulima ambao kaka yao Christopher aliuawa kwenye shambulio la Nuremberg Machi 1944. Hiyo bado hairuki. Kiangazi huwashwa injini zote nne na kutembea kwenye uwanja mbele ya watu. Baridi ikiingia hufunguliwa, mafundi wakatengeneza sehemu moja kwa kiwango cha kuruka, kisha wakaifunga tena kabla msimu haujaanza.