Aliyeombewa akapona, apimwe au asipimwe?

Waulize Wakristo wasomi wa Kampala kama sayansi inapingana na Biblia, wengi watakujibu hivi: sayansi inaeleza mambo yanavyokwenda, imani inaeleza kwa nini tupo, kila moja ina shamba lake. Ni jibu la kumaliza ubishi. Kwangu mimi, linakwepa swali.

Historia yetu inalipendelea. Hospitali ya Mengo, iliyo kilima kimoja na kanisa kuu la Namirembe, ilianzishwa mwaka 1897 na Albert Cook, daktari mmisionari. Lakini mfano wenye uzito zaidi ni Denis Burkitt, Mwailandi, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, na mtu wa sala. Mwaka 1957 aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Uvimbe huo ulikuwa saratani. Akaandikia hospitali nyingi za Afrika, akachora ramani ya mahali saratani hiyo inakoonekana, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari ya kilomita zipatazo 16,000 kuona inaishia wapi. Ilifuata joto na mvua, naye akakisia kuna kirusi kinachobebwa na mbu. Sampuli zikapelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza kirusi kipya. Ila kirusi hicho huenea kwa mate. Mbu anaingia kwa mlango mwingine: malaria anayoieneza humweka mtoto mwenye kirusi hicho katika hatari kubwa zaidi ya saratani hiyo.

Sala hazikumkinga Burkitt na kukosea, na kusahihishwa hakukumpunguzia imani. Basi tusidai zaidi ya hapo. Maisha yake yanaonyesha muumini anaweza kuwa mtafiti hodari, hayathibitishi hata aya moja ya Biblia.

Tatizo la yale mashamba mawili ni kwamba mpaka unavukwa kila siku. Moroto na Napak, kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kumechimbwa mabaki ya nyani wa kale wa miaka milioni 20 hivi. Anayehubiri kuwa dunia ina miaka 6,000 ametoa dai kuhusu mawe, na mawe yana vipimo vyake. Wakatoliki walishasogea: mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema nadharia ya mageuzi ni zaidi ya dhana tu. Walokole wengi bado.

Wenye shaka nao wana haraka zao. Kusema ufufuo wa Yesu umekanushwa na maabara ni kupiga chuku. Maabara inajua wafu hawafufuki, na Wakristo wanalijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana wakauita muujiza. Hapo ubishi ni wa kupima mashahidi, na hadubini haina la kuongeza upande wowote.

Uponyaji ni habari nyingine, maana hapo watu wanakufa. Chukua mtu anayemeza vizuri ARV, dawa za virusi vya UKIMWI: majibu yanarudi yakisema virusi havionekani. Karatasi hiyo ikisomwa madhabahuni, kanisa zima litashangilia. Kumbe ni dawa inayofanya kazi. Virusi vimejificha ndani ya seli, na dawa zikiachwa, kwa kawaida vinarudi katika wiki chache. Mchungaji anayesema “umepona, acha dawa” ametoa dai la kitabibu, apende asipende.

Wapo wanaojibu kwamba kupima ni kumjaribu Bwana. Nawaelewa: anayetafuta uthibitisho kila saa hajaamini. Lakini Yesu alipomtakasa mwenye ukoma alimwambia aende akajionyeshe kwa kuhani, na kazi ya kuhani katika Walawi 13 ilikuwa kukagua ngozi: anamtenga mtu siku 7, anamtazama, na pasipo hakika anamtenga siku 7 nyingine, kisha anamtazama tena.