Mnaoniomba dawa ya nyanya kutoka Uholanzi, njooni tuongee kidogo

Nikiweka tu picha ya grinihausi kwenye status haipiti saa moja meseji zinaanza kuingia. Dada hiyo nyanya mnapiga dawa gani, dada nitumie hata kopo moja nijaribu, mdogo wangu hebu ulizia bei ya jumla tuangalie kama tunaweza kuleta. Wengi ni watu wa nyumbani kabisa, Ilemela, Magu, Sengerema huko Mwanza, na najua wanauliza kwa uchungu maana nyanya imewatesa watu. Sasa leo naandika hapa kwa wote nisiwe narudia rudia: huku dawa naiona kwa nadra sana, na hata hiyo ninayoiona siitumi kwa mtu.

Nipo Westland, upande wa baharini, eneo zima ni vioo vitupu, ukipita usiku wingu limewiva rangi ya chungwa kwa sababu ya taa za kukuzia mimea. Sa hivi nipo kwenye nyanya, kabla nilikuwa kwenye pilipili hoho, na kazi ya kwanza niliyopewa kwenye hoho ilikuwa kutundika vipakti vya karatasi kwenye mimea, mstari hadi mstari, siku nzima, mikono juu. Nikadhani ni mbolea. Kumbe ndani kuna pumba na utitiri, vidude vidogo rangi ya maziwa ambavyo bila lenzi unaviona kwa shida, vinatoka kidogo kidogo kwenye katundu ka pakti vinasambaa kwenye majani vinakula wadudu waharibifu, thripsi na mayai ya inzi weupe. Kwenye nyanya nako kuna nyuki wale wanene wenye manyoya, wanaletwa kwenye maboksi kama vifaranga, kazi yao kulikamata ua na kulitetemesha chavua imwagike, kazi ambayo zamani watu waliifanya kwa mkono ua kwa ua. Sasa fikiria bosi ana wafanyakazi wa namna hiyo humo ndani, kawalipia hela, leo mtu amwambie puliza sumu kali tumalize, atakubali? Akitaka kupuliza chochote anaanza kuuliza je hii itaua nyuki, je maboksi tuyafunge kwa muda gani.

Ila kama kuna kitu natamani mjomba wangu angekiona kwa macho yake ni dada wa ukaguzi. Huyu hapulizi, havuni. Kila wiki anatembea kwenye mistari lenzi ikining'inia shingoni, anageuza majani, anasoma vikaratasi vya njano vya gundi vilivyotundikwa, anahesabu wadudu walionasa halafu anaingiza kwenye tableti, mstari gani, nguzo ya ngapi, mdudu gani, wangapi. Wakikuta kona moja imechafuka wanaishughulikia ile kona, wanaongeza utitiri pale au wanapuliza pale pale tu. Nyumba nzima haiguswi.

Mjomba analima nyanya Igombe, bustani inashuka karibu na maji, pampu ya petroli, mpira, basi. Kantangaze wakiingia huko ni kilio. Huyu mdudu asili yake ni Amerika Kusini, Hispania alifika 2006, kwetu Tanzania akaonekana 2014, na mtu aliyelima miaka ile anajua shamba lilivyokuwa linaungua ndani ya siku chache kama limechomwa moto. Tabu yake ni kwamba kiwavi anaishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, unaona ile michirizi myeupe halafu jani linakauka, baadae anaingia kwenye tunda. Unapuliza juu yeye yuko ndani. Halafu dawa nyingi ameshazizoea.

Sasa mjomba anafanyaje? Anaenda duka la pembejeo, muuzaji anampa iliyopo, na mwezi uliopita alimpa nyingine, basi anachanganya zote mbili kwenye solo moja, ile pampu ya kupulizia ya mgongoni, na ya ukungu juu yake, anapima kwa kifuniko, shati la mikono mifupi, ndala. Siku ya kuvuna ikifika mteja yuko barabarani na gari anasubiri, nani atamwambia hii inatakiwa ikae siku kadhaa baada ya kupuliza? Ndio zile nyanya unazikuta sokoni zina unga unga, mama anazifuta kwa kanga anapanga fungu.

Nilimpigia nikamwambia mjomba hebu punguza. Akaniambia, "Mpwa wangu, nikiacha mimi, jirani akapuliza, wadudu wake wote wanahamia kwangu, utanilipia wewe?" Na hapo sikuwa na jibu la haraka kwa sababu ana hoja. Huku nyumba ni ya vioo, imefungwa, utitiri wako haukimbii na wadudu wa jirani hawaingii ovyo. Igombe hakuna ukuta. Kwa hiyo wale mnaosema dawa ya tatizo ni grinihausi, tajiri mmoja kati ya majirani ishirini atajenga, na wale kumi na tisa?

Halafu kinachoniuma zaidi ni kuona watu wanashangaa picha zangu eti wazungu wanatumia wadudu kuua wadudu, maajabu. Jamani, sisi wa ziwani? Gugumaji lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 80 lilitoka Amerika Kusini bila adui wake, likafunga mialo, mitumbwi haitoki, watu wanavuta mtumbwi kwenye majani. Kilicholipunguza kilikuwa nini? Fukusi! Fukusi wadogo wa aina mbili wanaokula gugumaji, wakafugwa kwenye matanki pembeni ya ziwa miaka ya 90, Uganda, Kenya na kwetu, wakaachiwa, na ilipofika karibu 2000 eneo kubwa lilikuwa limefunguka. Wapo wanaosema mawimbi na mvua za El Nino nazo zilisaidia kulivunja, sawa, na limekuwa likirudi rudi kwa sababu ziwa linapokea maji machafu na mbolea, lakini kazi kubwa ilifanywa na mdudu.

Na mihogo je? Kuna yule mdudu mweupe kama kamwagiwa unga, anakaa kwenye ncha ya mhogo, miaka ya 70 na 80 alitishia mihogo ya Afrika karibu yote. Walimmaliza nguvu kwa nyigu mdogo sana aliyetafutwa Paraguay, mradi uliongozwa na Mswisi Hans Herren, akapata Tuzo ya Chakula ya Dunia 1995. Mkulima hakununua kopo hata moja. Na ukitaka ya jirani kabisa vuka mpaka uende Mbita, ziwa hili hili upande wa Kenya, pale ICIPE, wale watafiti wa wadudu, ndio walikuza kilimo cha kupanda desmodiamu, majani jamii ya kunde, katikati ya mahindi na majani ya tembo pembeni, bungua, yule kiwavi anayetoboa bua, anafukuzwa ndani anavutwa nje, na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kinakosa nafasi. Sisi kituo chetu cha utafiti wa kilimo, Ukiriguru, kiko Misungwi hapo, watu wanapita kwenye barabara ya Shinyanga wanaona kibao wanaendelea na safari.

Sasa msije mkadhani huku ni peponi. Uholanzi nzima kwa ukubwa ni ndogo kuliko Ziwa Victoria, kilomita za mraba elfu arobaini na kidogo, ziwa letu ni karibu elfu sitini na tisa, na bado kwa thamani ya mazao wanayouza nje kwa miaka mingi wametajwa kuwa wa pili duniani baada ya Marekani. Ila ndani ya hiyo hesabu kuna maua, na kuna vitu vinashuka bandarini na kupita tu. Grinihausi zinakula gesi, 2022 bei ilipopanda kuna waliozima taa na kuacha kulima msimu wa baridi. Mifugo ni mingi kupita ardhi, samadi imezidi hadi mahakama ikaamua 2019 kwamba mfumo wao wa vibali vya naitrojeni hauilindi mazingira, wakulima wakaingia barabarani na matrekta. Na nyanya yenyewe, sijui niseme vipi, ni nzuri sana kwa macho. Ukiila unatamani ya mjomba pamoja na unga wake.

Na hapa ndipo napandwa na hasira kidogo. Ulaya walipiga marufuku parakwati, dawa kali ya kuua magugu, kwao 2007, lakini viwanda vya huku huku viliendelea kuitengeneza na kuwauzia wengine. Mwaka 1999 wakafunga soko la samaki wa ziwa letu kwa sababu kuna watu walikuwa wanavua kwa kumwaga sumu za shambani majini, na walikuwa na haki kukataa, mi mwenyewe nisingekula. Ila jiulize, minofu ikikataliwa huku inapimwa na inarudishwa, nyanya ya Mabatini hapo Mwanza anaipima nani? Supamaketi ya hapa mtaani kwangu sangara wetu yupo, minofu misafi ya waridi, na nyumbani miaka mingi watu wakagombania mapanki, yale mafupa na vichwa yanayobaki kiwandani.

Kwa hiyo kwa maoni yangu kopo la Ulaya tuliache hapa hapa. Cha kuchukua ni yule dada mwenye lenzi. Bwana shamba mmoja mwenye pikipiki yenye mafuta, asiyeuza dawa yoyote, anayepita bustani zote za ufukwe mmoja kwa wiki, anageuza majani na kuwaambia majirani wote siku moja, leo pulizeni, au leo acheni kabisa, au ng'oeni masalia yote ya nyanya mchome kabla hamjapanda tena. Hilo la kuchoma masalia wazee wa pamba usukumani wanalijua toka zamani, halihitaji viza. Wakilifanya pamoja hoja ya mjomba ya jirani inakufa yenyewe. Serikali ikishindwa, hao ishirini wachangishane wamlipe kijana wao aliyemaliza chuo cha kilimo yupo tu nyumbani, nina uhakika itakuwa chini ya wanachomwaga kwenye solo kwa msimu.

Mjomba amekubali kujaribu mitego kwanza, ile ya harufu inayovuta madume ya kantangaze, na majirani zake wawili wamesema watatega pia. Shida tumeulizia maduka ya mjini wengine wanataja bei ya ajabu, wengine hawajui tunaongelea nini. Mwenye kujua wapi Mwanza vinapatikana vile vidonge vya harufu vya kuweka kwenye mitego hiyo, vya kweli, havijaisha muda, aniandikie inbox.