Lile jini la ukumbini ni mimi, haya shusheni pumzi

Kwanza kabisa yule mpiga besi wetu aliyewarushia voisi kwenye magrupu kwamba "solo wetu alilia njaa kwenye maiki mbele ya wakwe za watu" ni muongo. Huyo solo, yaani mpiga gita la kuongoza, ndo mimi, na kwenye harusi ile ya Jumamosi sikulia. Na haikuwa maiki, ilikuwa pikapu ya gita, zile sumaku zinazokaa chini ya nyuzi, na hapo ndo utamu wote ulipo, kwa hiyo kama ulishacheka la kwake rudi ucheke upya maana lake halina nyama.

Gita langu mnalijua, lile jekundu la mtindo wa Strat, gita la umeme la pikapu tatu, sijui mimi ni mkono wa ngapi kulishika, nazunguka nalo na baiskeli Tanga nzima. Mbao yake haina neno, shingo imenyooka, ila pikapu lilizokuja nazo zilikuwa zinakoroma, noti za juu hazitoki kabisa, na mji huu si wa kupigia gita linalokoroma jamani. Hapa ndo kwao bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, hapa kundi la Black Star walitia gita la umeme kwenye taarabu na watu wakakubali, mpaka leo kuna wazee pale Ngamiani ukikosea noti moja hawakusemi kitu, wanaweka tu kikombe cha kahawa chini na kukutazama. Afadhali wangetukana.

Sasa bei. Pikapu moja tu ya kampuni yenye jina, Seymour Duncan, inacheza kwenye dola 100, na Strat inataka tatu. Kwa hela hiyo mimi napaua choo. Nikaagiza za Kichina, seti nzima ya tatu pamoja na waya zake na vifuniko, elfu sitini mpaka mlangoni. Muuzaji kaandika kwa herufi kubwa ALNIKO 5, aina ya sumaku inayosifiwa kwenye pikapu. Zinafika, nageuza moja kichwa chini, nakutana na kipande cheusi cha sumaku ya seramiki kimebandikwa kwa gundi, na vile vijiti sita vya juu ni chuma tu, havina usumaku wao wenyewe. Alniko yenyewe kijiti ndo sumaku. Nikanyamaza, elfu sitini nitamgombeza nani?

Fundi redio wangu akazipima ukinzani wa waya kwa mita, moja moja, zote zikasoma kilo-omu 6 na ushee, akasema kaka hapa huna shida, hata za bei kubwa za aina hii zinasoma humo humo. Akachomelea. Ya katikati ilikaa kinyume, ukiichanganya na jirani yake sauti inakonda mpaka unaionea huruma, akageuza waya zake mbili, ikanona. Na wallahi zilikuwa tamu. Nasema mapema kabla hamjaniandama: kwa hela ile zilipiga vizuri kuliko za mwanzo, na sio kwa mbali kidogo, kwa mbali sana. Kitu kimoja tu zilikosa, nta.

Kwa msiojua. Ndani ya pikapu kuna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara, kwa Strat unapita mizunguko 7,000. Wanaojali wakimaliza kuzungusha wanaichovya pikapu kwenye nta ya moto ili ule waya ushikamane usitikisike. Usiposhikamana, kila mtikisiko unageuka umeme na umeme unageuka sauti. Ukigonga gita kwa kidole inasikika. Ukizidisha volyumu linapiga filimbi lenyewe. Na ukiweka mdomo pale karibu ukaongea, ndugu zangu, linasikia na linapeleka maneno mbele.

Fundi alijua hili! Nilimuuliza, akanijibu kwa kisomo, eti hata hambaka, yaani pikapu za koili mbili, za magita ya Gibson za 1957, zile alizobuni Seth Lover, hazikuchovywa nta na leo watu wanazinunua kwa mamilioni. Ni kweli kabisa. Ila Seth Lover hakuwahi kupiga harusi Chumbageni.

Haya, Jumamosi. Ukumbi umejaa, kanzu zimepigwa pasi, mabibi wamekaa safu ya mbele na udi unafuka. Sisi tumelipwa nusu, nusu nyingine kaahidi mjomba wa bibi harusi "nikishaswali alasiri", na hapo isha imeshapita. Biriani inakatiza mbele ya jukwaa kwenye masinia inaelekea kwingine, sisi tunaletewa maji ya chupa. Ampu yangu ilikuwa matengenezoni kwa hiyo gita linaingia kwenye pedali ya distoshen, ile ya mguuni inayokwaruza sauti, halafu moja kwa moja kwenye mikisa, na nyimbo mbili za kwanza likapiga filimbi katikati ya ubeti mpaka fundi mitambo akanitolea macho kama... basi tu, alinitolea macho.

MC akaomba utulivu, mjomba ana neno. Fundi mitambo akazima spika zetu za jukwaani, zile zinazotutazama sisi, akanionyesha mkono shingoni, yaani nimezima. Mimi nikaelewa nimezimwa mimi. Kumbe kazima masikio yangu tu, mdomo kaniachia. Shikeni hapo.

Tukakaa juu ya maboksi nyuma ya zile spika kubwa, mimi na huyo huyo muungwana wa voisi noti. Akaniuliza, hivi katika hizo tatu inayopiga filimbi ni ipi? Nikamwambia kuna namna ya kujua, unaigonga au unaongea ndani yake. Akasema jaribu basi. JARIBU BASI. Hilo kwenye voisi yake mmelisikia? Hamjalisikia.

Nikalinyanyua gita nikalishika kwa mikono miwili kama mtu anayekula hindi la kuchoma. Nikafungua volyumu mpaka mwisho. Taa nyekundu ya pedali inawaka pale mguuni, naiona, nikaiacha, si nimezimwa? Nikagonga pikapu ya nyuma kwa ukucha. Ko, ko, ko.

Huko mbele, haya nimesimuliwa baadaye na shangazi yangu ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mwalikwa, spika mbili zenye urefu wa mtu zikatoa KO, KO, KO. Mjomba akanyamaza akageukia mlango. Bibi mmoja wa safu ya mbele akaitika, "Karibu."

Mimi nikaweka mdomo. "Aloo. Aloo."

Sauti ya binadamu ikipita kwenye pikapu isiyo na nta halafu ikapita kwenye distoshen haitoki ya binadamu tena. Inatoka nzito, imekwaruzika, maneno yanasikika nusu. Mimi kule nyuma nilisikia kitu kwa mbali kinanguruma, nikajisemea huyu MC leo ana mafua. Mwenzangu anacheka, nikaona ananogewa, nikaanza kusoma taarifa ya habari. Mnajua nikipata mtazamaji hata mmoja siachi.

Mjomba naye ndo alikuwa amejikusanya upya, yuko kwenye sentensi ya kujipamba, kwamba shughuli hii imekwenda kwa uwezo wa Mungu na yeye binafsi "sidaiwi na mtu yeyote hata shilingi."

Spika zikasema: "Habari kwa ufupi. Mjomba wa bibi harusi bado anadaiwa nusu."

Shangazi anasema mtu ungesikia pini. Mjomba kashika maiki, mdomo uko wazi, jasho linateremka. Safu ya mbele ikaanza, "Audhubillahi!" Mwingine, "Limepanda!" "Kwa nani?" "Limepanda kwenye spika!" Mmoja anasoma Ayatul Kursi kwa haraka, mwingine anavuta mkoba karibu. Sisi watu wa Tanga tunasingiziwa majini kila siku, sasa fikiria wageni wametoka Dodoma na Moshi, ndo mara yao ya kwanza kufika, na ndani ya saa mbili limeshawadia na lina madai.

Yule bibi aliyeitika karibu ndo alikuwa jasiri kuliko wote. Akasimama na chetezo chake, akaelekea kwenye spika ya kulia, akaiuliza kwa adabu zote, "Haya mgeni, wataka nini tukupe uende zako salama?"

Na mimi, naapa sikumsikia, wakati huo huo mwenzangu alikuwa kanigeuzia mahojiano, kanisogezea ngumi kama maiki ananiuliza mheshimiwa kwa sasa unahitaji nini zaidi. Nikainama kwenye pikapu nikajibu kwa sauti ya kiongozi: "Biriani. Ya kuku. Na soda baridi."

Bibi akageuka nyuma akasema, "Leteni."

Nilichostukia ni ukimya. Mpiga besi alikuwa ameacha kucheka, anatazama kupitia upenyo wa spika mbili, rangi imemtoka. Nikachungulia. Ukumbi mzima umesimama, na sikilizeni jamani, WALIKUWA HAWANITAZAMI MIMI. Wanatazama spika. Hakuna aliyejua. Ningeshusha gita taratibu, nikafunga volyumu, nikatoka na mlango wa jikoni, leo nisingeandika haya, ingebaki kisa cha jini la Chumbageni tungesimuliana mpaka wajukuu. Nikaanza kulishusha. Taratibu. Kidole gumba kinatafuta kitasa cha volyumu. Kifungo cha mkono wa shati kikanasa kwenye uzi wa sita.

NGWAAAAA.

Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja. Halafu gita likaanza filimbi yake, ile ndefu inayopanda, mimi nimelikumbatia, mdomo bado uko pale pale kwenye pikapu kwa hiyo neno nililosema hapo lilisikika vizuri na silirudii hapa. Mtoto mmoja akasema, "Mama, jini limevaa shati la bendi."

Mengine ni mafupi. Fundi mitambo akachomoa kebo, MC akasema mitambo jamani mitambo, nusu ya ukumbi ikacheka na nusu ikaendelea kusoma. Mjomba alikuja nyuma ya jukwaa akahesabu hela yetu yote bila kuniangalia usoni na akaondoka. Kiongozi wa bendi akapokea, akanikata faini humo humo. Biriani ililetwa, ya ng'ombe. Bibi akaja kulifukiza gita udi, nikamweleza ni habari za nta na waya wa shaba, akanisikiliza mpaka mwisho akasema sawa mwanangu, akaendelea kufukiza.

Jumapili asubuhi nikachovya. Nilipata nta ya nyuki ya Handeni kwa mtu wa asali, nikachanganya na mishumaa ya dukani, mafungu manne ya mishumaa kwa fungu moja la nta, sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, kamwe usiweke nta juu ya moto moja kwa moja inawaka. Moto uwe mdogo, nyuzijoto 65 hivi zinatosha, ukizidisha plastiki ya pikapu inapinda na umekwisha. Unaizamisha pikapu unaitazama. Mwanzo inatoa mapovu madogo madogo kwenye kingo za koili, hewa inatoka kati ya mizunguko, kisha yanapungua, yanakuja moja moja, ndani ya robo saa na kidogo yakaisha. Unaitoa, unaifuta, unaiacha ipoe. Zote tatu. Nikazirudisha, nikafungua volyumu mpaka mwisho na distoshen juu, nikapaza sauti kwenye pikapu, kimya. Nikagonga kwa ukucha, kwa mbali sana. Nikapiga nyuzi, sauti ile ile tamu, filimbi hakuna.

Kwa hiyo nyie mnaonifuata inboksi mnaniuliza pikapu za bei rahisi zinafaa au hazifai, zinafaa, bora gita lenyewe liwe na shingo nzima, maana pikapu hainyooshi shingo, na uwe na sufuria. Wanaosema ningenunua za dola mia tatu nitumieni hizo dola, namba mnayo. Mimi seti ya pili nimeshaagiza ya gita la rizimu, safari hii wameshusha mpaka elfu hamsini na tano, nayo imeandikwa Alniko 5. Sufuria ya mama watoto nimemwambia imeazimwa na jirani, anayemfahamu jirani amtonye.