Bwawa la Hombolo: tuwafungulie watu waje kupumzika au tuwazuie?

Tangu serikali ilipotangaza 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli kweli, mji umejaa watu na watu wakijaa wanatafuta pa kwenda jumamosi na jumapili. Dar wana bahari, Mwanza wana ziwa, sisi huku tuna vumbi, mawe na zabibu. Ndo maana macho yanaenda Hombolo, kama kilomita 40 hivi toka mjini, bwawa la tangu 1957 enzi za mkoloni, maji mengi, upepo, samaki wa moto pale pale, na picha zikitoka nzuri basi wiki inayofuata linakuja kundi jingine. Na hapo ndo mabishano yanaanza, wengine wanasema pafunguliwe pawe sehemu ya mapumziko rasmi, hoteli, boti, watoto waogelee, na wengine wanasema hapana, bwawa sio bichi, wazuieni watu kabla hatujaanza kubeba maiti.

Mi naona pande zote mbili zina hoja, ila zinachanganya hatari mbili tofauti kabisa. Kuna hatari ya bwawa kwa mtu na kuna hatari ya mtu kwa bwawa, na dawa zake hazifanani.

Tuanze na mtu. Anayejua kuogelea baharini akifika bwawani anajiona bingwa, na hapo ndo anapokosea. Bichi unaingia taratibu, maji ya magotini, ya kiunoni, ya kifuani, unaamua mwenyewe uishie wapi. Bwawa ni bonde lililofunikwa maji, mkondo wa zamani wa mto uko chini mle mle, unatembea maji yakiwa kiunoni hatua moja mbele hamna chini. Halafu tope. Maji yanapopungua kiangazi pembeni panabaki ardhi inayoonekana imekauka na kupasuka kabisa, mtu anakanyaga kwa ujasiri, hatua ya tatu mguu umezama mpaka gotini na kila akivuta ndo unazidi kwenda, sasa mfikirie mtoto wa miaka saba hapo na mama yuko mita hamsini anageuza samaki jikoni. Kila masika tunasikia habari za watoto kuzama kwenye malambo na mabwawa mikoa ya huku kati na kanda ya ziwa, wengi wametumwa maji au wanachunga ng'ombe, hawakwenda pikniki hata kidogo. Kwa hiyo anayesema tukizuia starehe vifo vitaisha, hapana, havitaisha.

Kuna na kichocho, ambacho watu wa mjini wanakiona ni ugonjwa wa vijijini. Konokono wanaobeba vimelea wanapenda maji yaliyotulia yenye majani pembeni, yaani pale pale mtu anapopenda kuingia, na vile vimelea vya kichocho cha mkojo vinatoka kwa konokono zaidi mchana jua likiwa kali, saa sita saa saba, muda ule ule ambao familia zimeshafika zimekula na watoto wanataka maji. Havihitaji uyanywe, vinapenya ngozi. Dawa ipo, prazikwanteli, hospitali za serikali wanaijua vizuri, ila mtu aliyeogelea mara moja akarudi zake mjini hatakumbuka bwawa miezi mitatu baadae akianza kukojoa damu.

Upande wa pili, wa wanaotaka pafunguliwe, una nguvu pia na mi nauheshimu. Maji ya jiji la Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, Hombolo ina chumvi na sio bwawa la bomba la mjini, kwa hiyo ile hoja ya "mtatuchafulia maji ya kunywa" hapa haina uzito kama ingekuwa bwawa la Mindu pale Morogoro. Mindu mi ningesema funga, maana watu wa Morogoro mjini wanayanywa yale maji. Hombolo ni bwawa la mkulima, mvuvi na mfugaji, na mgeni anayekuja kununua perege na kambale kwa mvuvi anamuachia hela pale pale bila dalali, vijana wa pale wanapata kazi ya boti, mama lishe anauza. Hiyo sio hoja ndogo.

Kingine ambacho wapinzani hawakiangalii, bwawa lisilotembelewa na mtu linakufa bila shahidi. Nani anakagua tuta, ule ukuta wa udongo unaozuia maji? Tuta la udongo linaharibika kidogo kidogo, mgunga unaota juu yake watu wanaona ni kivuli, kumbe mizizi inafungua njia, mti ukifa mzizi unaoza panabaki tundu. Ng'ombe wanakata njia moja ya kupandia, mvua inaigeuza korongo. Halafu ule unyevu unaotoka nyuma ya tuta, hapa nisome vizuri, maji yakitoka kidogo na ni meupe safi mara nyingi ni kawaida ya tuta la udongo, unayaangalia tu yasiongezeke. Yakianza kutoka ya rangi ya udongo, hayo yanabeba tuta lenyewe toka ndani na hapo muda wa vikao umeisha, hamisha watu wanaokaa chini ya bwawa. Mtu yeyote akifundishwa anaweza kuliona hilo, mvuvi, mwenye boti, hata mgeni.

Na mabwawa kuvunjika tumeyaona. Mafuriko ya Kilosa mwisho wa 2009 kuingia 2010, bwawa la Kidete liliharibika, reli ya kati ikakatika ikakaa miezi bila treni na maelfu ya watu walilala kwenye mahema. Na mto ni ule ule, Kinyasungwe unaopita huku kwetu ndo unaoenda kuwa Mkondoa. Jirani zetu Kenya, Mei 2018, bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, bwawa la shamba la mtu binafsi, lilipasuka usiku likaua watu zaidi ya 40. Hakuna aliyekuwa anaogelea pale. Walikuwa majumbani kwao chini ya bwawa.

Sasa mtu kwa bwawa. Anayekuja kupiga picha hana madhara makubwa, madhara yako kwenye magari kupandishwa juu ya tuta, kuchimba sehemu ya mawe ya jiko, na zaidi ya yote watu kuziba utoro wa maji, ile njia bwawa linapopumulia likijaa. Watu wanaweka uzio wa miti na nyavu pale wakamate samaki wanaotoka, majani yananasa, maji yanapanda, na tuta la udongo likishapitiwa na maji juu yake linalika kwa masaa tu. Hapo mi sina huruma, utoro usiguswe na yeyote, mgeni wala mwenyeji.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni haki. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa maji, na sheria ya maji ya 2009 nayo imeshika hapo hapo. Mkulima wa nyanya anafukuzwa na sheria hiyo, na sababu ni ya kweli kwa sababu kulima hadi ukingoni kunaingiza tope, na tope ndo linamaliza mabwawa ya Dodoma, Ikowa imejaa tope kiasi wataalamu wanaiandika tangu miaka ya 70. Sasa mkulima akishatolewa halafu kesho mwekezaji anapewa sehemu ile ile ajenge baa yenye veranda juu ya maji, tutamwambia nini yule mkulima? Kama ni mita 60 ziwe 60 kwa wote, vibanda na vyoo vikae nyuma, mbele karibu na maji abaki mtu na mkeka wake.

Kwa hiyo mi msimamo wangu, ukingo ufunguliwe, maji bado. Watu waje, wale samaki, wapande boti iliyokaguliwa na kila mmoja laifu jaketi mwilini sio chini ya kiti, lakini kuogelea hapana mpaka sehemu moja ipimwe kina, isafishwe majani, ikaguliwe konokono, iwekewe kamba na mwokoaji anayelipwa. Bango la "hairuhusiwi kuogelea" peke yake halijawahi kumzuia mtoto. Na kiingilio, hata kiwe elfu moja, kibaki kwa jumuiya ya watumia maji ya pale pale, hesabu zibandikwe ofisi ya kijiji, na matumizi ya kwanza yawe kung'oa miti kwenye tuta, kusafisha utoro kabla ya mvua za Desemba na kumlipa mtu wa kulitembea tuta kila asubuhi masika yote, akiwa na namba ya simu ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu mfukoni na ruhusa ya kupiga bila kumuomba mwenyekiti.