Negativu ya studio si takataka

Kwenye kitambulisho cha zamani cha mama yangu kuna picha ndogo, nyeusi na nyeupe: uso, mabega, mtandio kichwani. Nimekua nikiiona. Mwaka jana nikasikia studio iliyompiga inafungwa, nikaenda na nakala yake moja aliyokuwa nayo kabatini, kuulizia negativu, yaani kile kipande cha mkanda chenye picha iliyogeuzwa rangi ambacho nakala huchapwa kutoka kwake. Nyuma ilikuwa na namba ya penseli. Mzee wa studio akaitazama, akasema, "Mwanangu, kama panya hawajaila, ipo." Tukapekua maboksi mpaka alasiri.

Ilikuwepo. Usiku nilipoiskani nikaona mama hakuwa peke yake. Amempakata mtoto mchanga, na pembeni unaonekana mkono wa mtu unaovuta pazia la nyuma likae sawa. Picha ya kitambulisho inataka uso tu, kwa hiyo wakati wa kusafisha walimkata mtoto. Ni dada yangu, tuliyemzika kabla hajafikisha miaka miwili. Hatukuwa na picha yake hata moja.

Ndiyo maana nakasirika kila ninaposikia studio imemwaga negativu zake jalalani. Mteja alikuwa anapewa picha, negativu inabaki studio, ili akitaka nakala nyingine arudi. Albamu ya nyumbani ina kile tu mtu alichoweza kulipia siku ile. Kilichobaki, yaani watu waliokatwa pembeni na pozi ambazo hazikuchaguliwa, kiko kwenye bahasha za studio. Wenye studio walipohamia kamera za dijitali, maboksi yakawa mzigo unaokula nafasi ya kompyuta na printa. Siwalaumu sana, kodi ya chumba hailipwi na kumbukumbu.

Tazama Uganda. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la UBC, zilikutwa kabatini negativu zipatazo 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali. Kazi ya kuziskani ikaanza, UBC ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani na Chuo Kikuu cha Western Australia, na mwaka 2019 baadhi zikaonyeshwa kwenye Makumbusho ya Uganda, Kampala. Kama mtu angelisafisha lile kabati kwa haraka, yote hayo yangeishia motoni.

Sasa, kuskani kwenyewe. Wengi huweka negativu dirishani, wanaipiga kwa simu, kisha wanageuza rangi. Kwa kujua nani yumo, inatosha. Kwa kuhifadhi, hapana. Skana ya bapa yenye taa kwenye kifuniko inafanya kazi nzuri. Kipande cha milimita 24 kwa 36, ukikiskani kwa nukta 3200 kwa inchi, kinakupa picha ya nukta zaidi ya milioni 13. Vaa glavu za pamba, puliza vumbi kwa mpira wa hewa na si kwa mdomo, maana mate yanaacha madoa. Skana nyingine zina uwezo wa kufuta vumbi kwa miale ya infraredi. Kwenye negativu za kawaida za nyeusi na nyeupe uzime, kwa sababu chembe za fedha zinazuia miale hiyo na mashine inaanza kufuta picha yenyewe. Na tafadhali, skani mpaka ukingoni. Usikate. Mimi ukingo ndio ulionipa dada.

Ukimaliza, usiitupe negativu. Hapa ndipo ninapobishana na vijana wenzangu wanaosema faili linatosha. Diski iliyokufa haikuonyeshi chochote, lakini negativu ukiielekeza kwenye mwanga unamwona mtu. Itoe kwenye plastiki inayonata, iweke kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Huku kwetu pwani unyevu unaleta ukungu haraka, na ukifungua boksi ukasikia harufu ya siki, jua mkanda umeanza kuoza. Anza na hilo.

Kupiga picha kwa mkanda leo simshawishi mtu. Nina kamera ya dijitali na ninaipenda.

Mzee aliniachia maboksi yote 12. Nimefika la tatu. Mama huja jioni, anakaa pembeni ya skana, ananitajia majina ya watu, nami nayaandika kwa penseli juu ya bahasha, chini ya namba ya mzee.