Oksitosini haijafa, tuusome vizuri ule utafiti wa 2023

Siku hizi ukitaja oksitosini tu, ile homoni inayosemwa ndiyo inayowafanya wanyama washikamane na wenza wao, anaibuka mtu anasema hiyo stori ilishazikwa 2023. Anachosimamia ni kazi ya timu ya Devanand Manoli na Nirao Shah huko California: walichukua voli wa prairi, vile vipanya vya nyasini Marekani vinavyoishi mke na mume, wakaharibu jeni ya kipokezi cha oksitosini (ile protini ya kwenye seli inayoinasa homoni ili ifanye kazi) kwa CRISPR, yaani mkasi wa kukata jeni, tangu kwenye kiinitete, na bado walipokua wakapata wenza wakagandana nao, majike wakazaa na kunyonyesha. Ni kazi nzito, siibezi hata kidogo. Ila kusema basi yote waliyofanya kina Sue Carter, Insel na Larry Young, watafiti walioihusisha oksitosini na kushikamana kwa voli, kwa miaka mingi yalikuwa bure, hapo mi nakataa.

Angalia kipimo chenyewe cha kushikamana. Voli anaachwa huru, upande huu mwenza wake kafungwa kamba fupi, upande ule mgeni naye kafungwa, halafu kwa saa 3 wanapima amejikunyata na nani. Ukiziba kipokezi kwa dawa kwenye nukliasi akumbensi, sehemu ya ubongo inayohusika na raha na motisha, ya jike aliyekwisha kukua, hamchagui mwenza wake tena. Huyo ubongo wake umekua ukikitegemea kipokezi halafu kikazibwa ghafla, wakati yule wa CRISPR hakuwahi kuwa nacho, amepata muda wote wa ukuaji kutafuta njia nyingine na njia ipo, manake vasopresini, homoni ndugu yake, na oksitosini zinatofautiana amino asidi 2 tu kati ya 9 na kila moja inaweza kushika kipokezi cha mwenzake. Kipofu wa kuzaliwa anatembea nyumbani kwake vizuri kuliko mtu uliyemfunga kitambaa sasa hivi, lakini hilo halimaanishi macho hayana kazi.

Wapinzani wanasema dawa hizo huvuja zikagusa na vipokezi vingine. Ni hoja ya kweli kabisa, lakini 2015 timu ya Young ilipunguza utendaji wa jeni yenyewe ya kipokezi hicho, palepale kwenye akumbensi tu, na majike wakashindwa kushikamana na wenza.

Wako sahihi pia kwamba hili jina la homoni ya mapenzi limepotosha watu. Voli anaganda na mmoja na bado watoto wengine kwenye kiota si wa baba yule, na kwa lemuri wa Madagaska, wanyama wa jamii ya kima, utafiti wa 2021 ramani ya vipokezi haikutenganisha wanaoishi wawili wawili na wasioishi hivyo. Sawa.

Kinachonigusa zaidi ni kazi ya Annaliese Beery, Berkeley, 2025, kuhusu urafiki wa voli. Wa kawaida wanaanza kumpendelea rafiki ndani ya siku moja hivi, wasio na kipokezi wanafika mpaka wiki nzima, na wakichanganywa kwenye kundi hawajali sana nani rafiki nani mgeni. Kwa hiyo uhusiano unakuja, ila unachelewa na hauchagui, na wiki kwa mnyama ambaye porini mara nyingi anaishi miezi michache tu si kitu kidogo, ndani ya hiyo wiki anaweza kuliwa na nyoka, anaweza kumpoteza jike, anaweza asizae kabisa. Kwenye kizimba cha maabara hakuna linalomharakisha, chakula kipo na mwenza hana pa kwenda, ndo maana mi siwezi kuuita ushahidi wa kizimbani kuwa kifo cha oksitosini.