Tambi zilikuwa zinaingia, hazikuwa zinatoka

Jamani, ile voisi inayozunguka kwenye magrupu si ya kweli. Basi, robo tatu ni kweli. Lakini pale jamaa yangu anaposema eti "akamtemea mkwe wake tambi usoni", hapo nakataa mbele ya Mungu na mbele ya wana Kigoma wote. Sikutema. Nilikuwa navuta. Kutema na kuvuta ni vitu viwili, na mwenye macho alikuwepo akaona, ila akachagua kusimulia anavyotaka kwa kuwa chakula kililipwa na mimi.

Mnaoujua ule mgahawa wa Kitaliano unaotazama ziwa, ukikaa barazani milima ya Kongo iko mbele yako, mnajua mimi pale ni mwenyeji. Menyu siletewi. Mpishi alifanya kazi Zanzibar kwenye mahoteli wanakofikia Waitaliano, akarudi nyumbani na ujuzi wake. Wenzetu huko kwao hutia anchovy, visamaki vya chumvi, kwenye rojo la nyanya. Yeye anatia dagaa wa hapa hapa, na kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, na pilipili isiyo na utani. Siku za mbalamwezi usiulize, maana taa za wavuvi hazivuti kitu na dagaa hakuna. Siku hiyo walikuwepo. Laiti wasingekuwepo.

Jamaa yangu tambi anazijua za futari, za sukari na nazi. Sahani ilipotua tu akashika kisu. Mimi huyo, nikamzuia mkono! Nikamwambia weka kisu chini, Mwitaliano hakati tambi, wala hazivunji kabla ya kuzipika, wala hang'ati katikati zikaanguka nusu sahanini. Unachukua nyuzi chache, unazungusha uma, unapeleka mdomoni mzigo mmoja safi. Akaomba jibini la kunyunyizia, nikamkatalia na hilo, nikamwambia chakula cha samaki hawakitii jibini. Nilipokolea nikamfikisha mpaka Napoli mwaka 1889, kwa Malkia Margherita, ambaye inasemekana alipikiwa pizza ya rangi za bendera: nyanya nyekundu, jibini jeupe, mrihani wa kijani. Jamaa anaitikia "sawa mwalimu, sawa mwalimu". (Ninyi mnaoniita Malkia Margherita tangu jana, nimewaona. Nina orodha.)

Sasa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mtu wa Ujiji, mchumba wangu ni Mha wa Kasulu. Salamu ya Kiha si ya kupungiana mkono ukapita. Unainama, unapiga makofi taratibu, mwenzako anapiga, mnaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, na hakuna anayekimbia. Nilipokwenda kujitambulisha, mzee, mwalimu mstaafu, alinitazama nikipiga makofi yangu akasema, "Kijana, unanisalimia au unafukuza kuku?" Nimefanya mazoezi tangu siku hiyo. Bafuni. Mbele ya kioo.

Haya, turudi mezani. Ili kumwonyesha jamaa mfano, nikazungusha uma. Nikazungusha kwa madaha, nikaongea huku nazungusha, na ule mzigo ukazidi kukua bila mimi kuutazama. Nikaupeleka mdomoni wote. Mashavu yakajaa. Nyuzi kama nne hivi zikabaki zimening'inia, huku mdomoni kwangu, kule bado zimo kwenye rojo.

Nyuma yangu nikasikia salamu ya Kiha, "Mwidiwe!"

Nikageuka nusu. Kaunda suti ya kijivu. Miwani. Kalamu mbili mfukoni, ile ya bluu na ile nyekundu ya kusahihishia ambayo amestaafu nayo. Pembeni yake wazee wenzake wawili, wametoka kwenye kikao chao, wamefuata chai. Na mikono ya mzee tayari imekutana kifuani, ananisubiri.

Fikirieni na ninyi kabla hamjacheka. Kukaa siwezi, ni mkwe. Kung'ata siwezi, jamaa ananitazama kwa macho ya mwanafunzi aliyemshika mwalimu. Kuongea ndiyo kabisa. Nikasimama.

Nikapiga kofi la kwanza, nikainama. Tambi zikarudi kwenye rojo. Nikainuka, zikapanda nazo, zinadondosha. Kofi la pili, nikainama, zikarudi kuchovya. Mzee anauliza habari za mama, naitikia "mmm". Anauliza habari za kazi, "mmm". Makofi yangu, nasema kweli, yalikuwa mazuri. Hayajawahi kuwa mazuri vile. Mzee mmoja wa pembeni akatingisha kichwa kwa kuridhika, au labda alikuwa anafuata tambi kwa macho, juu, chini, juu.

Nikajiambia, vuta polepole, hakuna atakayejua. Nikavuta. Nyuzi mbili zikaingia kwa adabu zao. Ya tatu ikaja. Ya nne, ile ndefu, ikaja na kipande cha pilipili kwenye shina lake, na kile kipande kikapitiliza moja kwa moja kooni. Koo likafunga. Mwili wenyewe, bila kuniomba ruhusa, ukavuta pumzi kwa nguvu zake zote.

Mkia wa tambi ukachomoka sahanini. Niliuona. Ukapita juu ya glasi ya jamaa, ukanipiga shavu la kushoto, ukazunguka pua, na ulipofika upande wa kulia ndipo ukamwaga mzigo wake: tone kwenye kioo cha miwani, tone kwenye mfuko wa kalamu, na mstari mzima kutoka kwenye ukosi mpaka kifungo cha tatu. Kisha ukaingia mdomoni, kimya. Ndiyo maana nasema zilikuwa zinaingia. Kilichomfikia mzee ni rojo.

Mikono yangu, kwa mazoea ya bafuni, ikapiga kofi la mwisho.

Yaliyofuata ni kikohozi, maji, mhudumu na kitambaa, jamaa yuko chini ya meza anadai ameangusha uma. Mzee akavua miwani, akaifuta, akasema, "Makofi safari hii yamekaa vizuri," akaenda meza ya mbali kuagiza chai. Posa haijavunjika, msianze. Mchumba alinipigia kabla sijafika Mwanga, akacheka mpaka simu ikakata chaji.

Shida iliyobaki ni suti. Nimeichukua mwenyewe kuipeleka kwa dobi, na dobi ameitazama, ameinusa, ameniuliza kama huyo aliyevaa alikuwa anapika au alikuwa anapikwa. Nyanya imetoka. Mafuta ya zeituni yamegoma. Mwenye kujua dawa ya mafuta kwenye kaunda suti ya kijivu aje inboksi leo leo, mzee anaitaka Jumapili kwa ajili ya kanisani. Wewe uliyeandika "jaribu kuinyonya tambi nyingine", nimeshakubloku.